Santuri za Mwimbaji wa Vita: Fundi Konde na Masalio ya Sauti Yake

Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za mwimbaji mmoja wa Pwani ya Kenya, Fundi Konde, ambaye ujana wake ulikutana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pamoja na habari za vitu vilivyobaki vya wakati wake. Mambo haya mawili hayatengani. Mchongaji akifa huacha kinyago, na mshairi huacha karatasi zake. Mwimbaji hana cha kuacha isipokuwa sauti yake iwe imenaswa na mtu mwenye mashine, na hicho kilichonaswa kiwe kimewekwa na mtu mwenye haja nacho. Kwa hiyo anayetaka kuijua historia ya uimbaji wetu wa mijini hana budi kuuliza maswali mawili: nani aliimba, na nani aliweka. La kwanza huulizwa sana. La pili hatujapata kulisikia likiulizwa katika darasa la historia, na tutaeleza mbele kwa nini sisi wenyewe tuna sababu ya kuliogopa.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Wagiriama. Mtoto wa Kigiriama wa wakati huo hakuhitaji kufundishwa kwamba wimbo ni kazi ya watu wote. Kayamba na ngoma zilikuwapo arusini, matangani na penye uganga. Lakini masikio ya vijana wa kizazi chake yalikuwa yakipokea na mambo mengine. Zilikuwapo nyimbo za kanisani katika shule za misheni. Ilikuwapo taarabu, hasa baada ya Siti binti Saad wa Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kunasa nyimbo zake, na santuri zile zikauzwa mwambao wote. Ilikuwapo beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyozuka mwambao huu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikachukuliwa na askari wa vita vya 1914 hadi 1918 mpaka bara ya Tanganyika na Nyasa. Tena katika miaka ya 1930 zikaanza kufika santuri za Kuba zenye herufi GV, zikawafundisha vijana wa mijini mwendo wa rumba pasipo mwalimu. (Tumepata kuwasikia wazee wakizitaja santuri hizo kwa namba zake, kama mwanachuoni atajavyo sura na aya.) Kijana aliyekulia katika mchanganyiko huo, akashika gita na klarineti, hakuwa akiiga wageni tu kama ambavyo wakosoaji wengine wamesema. Alikuwa akichagua katika vitu vilivyokuwa tayari mlangoni pake.

Vita vilipozuka mwaka 1939 Fundi Konde alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Kabla havijakwisha, zaidi ya watu laki tatu wa Afrika Mashariki walikuwa wameingizwa katika majeshi ya Waingereza, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa na wakubwa wa wilaya. Wananchi waliwaita askari hao Keya, kwa kufuata herufi za jina la jeshi lao, K.A.R. Walipigana na Waitalia Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, kisha wakavushwa bahari kwenda Seloni na Uhindi. Safari ile ya baharini haikuwa ya salama. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliosalimika na bahari walikutana na msitu. Katika nusu ya pili ya mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, katika nchi tuliyozoea kuiita Bama, wakati wa masika makali. Magari yalizama matopeni, malaria ikalaza watu wengi, na mwezi wa Desemba wakafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin.

Jeshi lilifahamu kwamba askari aliye mbali na kwao hupigana vibaya akikosa neno la kwao. Ndiyo maana kikaundwa kikosi cha burudani cha Waafrika, na Fundi Konde akawa mmoja wa wanamuziki wake. Kazi yao ilikuwa kuwafuata wenzao Seloni, Uhindi na Bama, na kuwapigia muziki. Hatutaki kulitia jambo hili sukari. Serikali ya kikoloni haikuunda kikosi hicho kwa kupenda utamaduni wetu. Ilikitumia kama ilivyotumia kwinini, yaani kumfanya mtu aweze kusimama tena asubuhi. Pamoja na hayo, kilichotokea kilipita kusudi la waliokiunda. Watu wa makabila mengi, ambao makwao walikuwa na ngoma zao mbalimbali, walikaa pamoja na kusikiliza wimbo mmoja wa Kiswahili, wenye gita badala ya ngoma ya ukoo wowote. Mkamba, Mnyamwezi, Mgiriama na Mnandi walicheka mahali pamoja. Tukitafuta mwanzo wa ule wimbo wa dansi ambao baadaye ulichezwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala bila mtu kuuliza ni wa kabila gani, hatuwezi kuipita kambi ya askari.

Hapa inafaa kutazama upande wa pili. Katika majira ya kuchipua ya mwaka huohuo wa 1944, mwimbaji wa Kiingereza Vera Lynn alisafiri mpaka Bama kuwaimbia askari wa nchi yake. Alikuwa na umri wa miaka 27, mwenye kipindi chake katika redio ya B.B.C. tangu mwaka 1941, na wakubwa wengine wa nchi yake walimlaumu kwamba nyimbo zake za mapenzi zinalegeza mioyo ya askari. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 103. Katika maisha hayo marefu kila kitu chake kiliwekwa: santuri, filamu, picha, karatasi za programu, nota za nyimbo zilizouzwa kwa senti chache na ambazo leo hununuliwa na watu wanaokusanya vitu vya kale. Mwaka 2009, akiwa na miaka 92, mkusanyo wa nyimbo zake uliongoza katika mauzo ya Uingereza. Hatumwonei kijicho. Twasema tu kwamba katika vita vilevile, katika upande uleule wa dunia, walikuwapo waimbaji wawili. Na mwanafunzi wa leo akitaka kumjua mmoja wao atapata rafu nzima ya vitabu, na akitaka kumjua wa pili atalazimika kubisha hodi kwenye nyumba za watu.

Maana mkusanyo unaojulikana zaidi wa nyimbo za Fundi Konde unaanzia mwaka 1947. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili kabla. Wanamuziki wa kile kikosi walikuwa wamerudi. Baadhi yao waliendelea kupiga pamoja kwa jina la Kifaru, Rhino kwa Kiingereza, wakakaa kwa muda Kampala. Huko Nairobi Fundi Konde alifanya kazi na Peter Colmore, Mzungu aliyekuwa na mkono katika biashara ya muziki na matangazo, na nyimbo zake zikatolewa na kampuni ya H.M.V. katika santuri zenye karatasi ya buluu. Kampuni hazikuja kwa bahati. Askari walirudi na fedha za kiinua mgongo, na wengine walirudi na mazoea ya kusikiliza gramafoni. Lilikuwa soko jipya, nalo lilizungumza Kiswahili.

Tuieleze kidogo santuri yenyewe, kwa kuwa vijana wengi wa shule hawajapata kuishika. Ni sahani nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana, yenye upana wa sentimita 25, inayozunguka mara 78 kwa dakika. Haikutengenezwa kwa plastiki ya siku hizi. Ilitengenezwa kwa unga wa mawe uliochanganywa na laki, gundi itokanayo na wadudu waishio mitini huko Uhindi. Laki hiyohiyo ilihitajiwa na viwanda vya silaha, na mwaka 1942 serikali ya Marekani ilipunguza matumizi yake katika santuri kwa asilimia 70. Huko Ulaya na Marekani watu waliombwa warudishe sahani kuukuu zikapondwe upya. Basi hata wimbo uliuingia mfuko wa vita. Santuri ya laki ikianguka sakafuni huvunjika kama kigae. Ikiachwa juani hupinda. Sindano yake ilikuwa ya chuma, na mwenye kuitunza mali yake aliibadilisha kila upande mmoja ulipokwisha. Asiyekuwa na fedha ya sindano alitumia ileile mpaka ikaikwangua sauti.

Kila upande ulichukua dakika tatu tu, au tatu na kitu. Jambo hili dogo liliubadili wimbo wetu kuliko watu wanavyodhani. Ngomani kiitikio hurudiwa mpaka wachezaji watosheke, na mwimbaji hodari huongeza beti kwa kumtazama aliye mbele yake: bibi harusi, mdai wake, hasimu wake. Kwenye santuri hakuna aliye mbele yako. Saa inakwenda, na mwenye mashine ameinua kidole. Fundi Konde aliiweza hali hiyo mpya kuliko wengi wa wakati wake. Nyimbo zake ni fupi na zimekaa sawa. Gita huanza kwa upole, sauti huingia bila haraka, na beti hazizidi haja. Katika nyingine sauti mbili hukaa pamoja, moja juu, moja chini. Hutajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Kenya kupiga gita la umeme, lakini hata humo hakufanya makelele. Kwa maoni yetu upole huo ndio uliomfanya asikike hata mahali ambapo gramafoni ilikuwa moja kwa kijiji kizima.

Majina ya nyimbo zake peke yake yanatosha kumfikirisha mwalimu. Upo uitwao "Majengo Siendi Tena". Majengo ni jina la mtaa wa Mombasa, na ni jina la mtaa wa Nairobi, tena ni jina la mitaa ya miji mingine mingi ya Kenya na Tanzania. Ni mahali ambapo Waafrika waliokuja mjini walijenga nyumba za Kiswahili na kupangisha vyumba. Msikilizaji wa Moshi na wa Mombasa kila mmoja aliweza kuona mtaa wake mwenyewe. Upo mwingine, "Ajali Haikingiki". Msomaji wa leo akisikia "ajali" hufikiri gari lililopinduka. Katika Kiswahili cha mwambao neno hili lina maana nzito zaidi: ni siku ya mtu iliyokwisha andikwa. Askari aliyeona mwenzake akifa kwa homa baada ya kuokoka risasi hakuhitaji kufafanuliwa jina hilo.

Tuwaombe walimu jambo moja. Mkiipata santuri ya zamani msikimbilie kuipiga; isomeni kwanza. Karatasi ya katikati inataja jina la mwimbaji kama karani wa kampuni alivyolisikia, na mara nyingi alilisikia vibaya. Inataja lugha. Inataja vyombo. Chini kuna namba ya kuuzia. Lakini nje ya karatasi, kwenye sahani yenyewe, mna namba nyingine iliyopigwa chapa, ndogo, ambayo huonekana ukiiinamisha sahani kwenye mwanga. Hiyo ni namba ya kunasia, na kwa kulinganisha namba hizo twaweza kujua ni wimbo upi ulionaswa kabla ya upi, hata pasipo tarehe. Kisha tazameni mifereji. Upande uliogeuka kijivu ndio uliopendwa. Mnunuzi alinunua nyimbo mbili, lakini alisikiliza mmoja. Na hukumu hiyo ya watu wa kawaida haikuandikwa mahali pengine popote.

Miaka ya 1960 ilipoingia, santuri ya laki ilikuwa ikielekea kwisha. Zilikuja sahani ndogo nyepesi za mizunguko 45, na pamoja nazo tuisti na rumba ya Kongo yenye magita mengi. Salum Abdallah wa Morogoro, kijana wa umri mdogo kuliko Konde, alikuwa ameipeleka rumba ya Kiswahili mbele kwa bendi yake ya Cuban Marimba, akafa mwaka 1965. Fundi Konde aligeukia upande wa mashine, akafanya kazi ya kuwarekodi wenzake, kisha jina lake likafifia. Ilipofika mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo zake za 1947 hadi 1956, na mzee huyo akapata kusikika tena na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipoziimba. Alifariki mwaka 2000. Angalieni mkusanyo ule ulitoka wapi. Haukutoka Mombasa wala Nairobi.

Sasa tuseme lile tulilosema tunaliogopa. Katika ujana wetu kazini tulihudumu katika ofisi moja yenye stoo ya vitu vilivyoachwa na idara za zamani. Mlikuwa na masanduku matatu ya santuri. Ukafika wakati wa kupisha viti vipya, na kama kanuni zinavyotaka ikaandikwa orodha ya mali chakavu ya kufutwa vitabuni. Mwandishi wa orodha ile alikuwa sisi. Tuliandika: "Sahani nyeusi za gramafoni, mbovu, masanduku 3." Hatukufungua hata moja. Hatukuandika jina la mwimbaji, wala lugha, wala namba. Tulitia sahihi, mkubwa akatia yake, na jioni ile gari likachukua. Hatuwezi kusema mlikuwa na nini. Na kwamba hatuwezi kusema, sababu ni mkono huu unaoandika sasa.

Miaka mingi baadaye tulikaribishwa katika nyumba moja ya mji wa pwani, kwa mzee aliyepigana Bama. Alikuwa amekwisha pofuka. Kijukuu chake alileta sanduku la chai la mbao, na mzee akawa anatoa kitu kimoja kimoja kwa kupapasa na kukieleza: nishani ya nyota yenye utepe uliopauka, cheti cha kuachishwa jeshi, picha iliyopigwa Colombo, yeye na wawili wengine wamevaa kofia za jeshi, nyuma yao pazia lililochorwa minazi. Alicheka alipofika kwenye picha. "Tulitoka kwenye minazi, mwanangu, tukavuka bahari yote ile, tukapigwa picha mbele ya minazi ya rangi." Chini ya sanduku, zimefungwa katika kanga, zilikuwapo santuri kumi. Ya kumi na moja, tuliambiwa, iko jikoni imefunika mtungi wa maji, kwa kuwa imeingia ufa na haiimbi.

Tuliomba tuione. Mke wa kijukuu aliifuta kwa upande wa leso akatupa. Karatasi ilikuwa ya buluu. Maji yalikuwa yameila nusu, lakini jina la mwimbaji lilisomeka: Fundi Konde. Tulimwambia mzee ni ya nani. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuupiga mdundo wa wimbo kwa vidole juu ya goti lake, bila maneno, mpaka ukaisha. Tuliitazama saa, ukachukua karibu dakika tatu.

Mzee yule ameshafariki. Sanduku lilichukuliwa na binti yake, ambaye mwaka uliofuata alituita na kutuambia kwamba amepata mnunuzi wa kigeni, tena mwenye bei nzuri, na kwamba ana watoto wa kusomesha. Akatuuliza tuna neno gani. Hatukuwa na fedha ya kushindana na mnunuzi, na hatukuwa na haki ya kumwambia asiuze kilicho chake. Tulimwomba siku mbili. Tuliketi barazani kwake tukafungua kanga, tukachukua daftari, na kwa kila sahani tukaandika mstari wake: jina la mwimbaji, jina la wimbo kila upande, lugha, vyombo, namba ya karatasini, namba ya kwenye sahani, upande uliochakaa, na hali yake. Mistari kumi. Kisha tukamwomba na ile ya mtungi, tukaandika wa kumi na moja.